Vigingi vya Banda la Asumini

Juzi nilikwenda Keko kuagiza kitanda cha binti yangu, nikarudi nyumbani bila kuagiza. Si kwamba bei ilinishinda. Fundi alikuwa kijana mchangamfu, ameniita mama mkubwa mpaka nikacheka, na mbao alizonionyesha zilikuwa mninga wa kweli, si ule wa kupaka rangi. Kilichonishinda ni pua yangu. Mtu wa banda la jirani alikuwa anapiga randa, na ile harufu ya mninga uliokatwa sasa hivi, tamu kwa juu na kali kidogo kwa ndani, ikanijaa kifuani. Nikavumilia. Halafu yule kijana akaokota ufito chini akaniuliza, "Binti ana urefu gani, mama? Maana wengine huwa tunawapima kabisa." Nikamwambia nitarudi. Sijarudi mpaka leo.

Nyie wa rika langu mliokulia Mchafukoge na Kariakoo mnazikumbuka zile nyumba kabla hazijageuka maghorofa. Korido moja katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na mwisho wa korido mlango wa kutokea uani. Uani ndiko tulikoishi hasa: karo la kufulia, jiko la mkaa, choo, kamba za nguo, na kwetu kulikuwa na kipande cha ardhi karibu na ukuta ambacho hakuna aliyewahi kukisakafia. Nyumba ilijengwa na babu yangu mzaa baba, ambaye wazee wake walitoka Uarabuni, na Baba aliirithi pamoja na duka la vitambaa. Chumba cha mbele alipanga Mzee Hemedi, fundi saa. Vingine tulijazana sisi na Shangazi Raya, dada yake Baba, mwanamke mwenye mdomo mkali na mikono laini.

Mama alikuwa mgonjwa wa moyo. Nilikuwa na miaka minane, na nilichokijua kuhusu ugonjwa ule ni mito. Mwanzo alilalia mto mmoja, kisha miwili, ikafika minne, mwishowe akawa halali tena, anakaa tu kitandani ameegemea huku akivuta pumzi kwa kazi. Miguu yake ilivimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo, na mimi nilikuwa naibonyeza kwa siri kuona shimo linavyojaa. Dirisha la chumba chake lilitazamana na ukuta wa ghala, hatua mbili tu, na upepo uliofika pale ulikuwa umeshapita kwenye magunia ya dagaa na vitunguu. Joto la chumba kile sitaki hata kulisimulia.

Siku moja nikiwa nimekaa miguuni pake alimwambia Baba, "Baba Salha, nitoe humu ndani." Baba akadhani anataka hospitali. Mama akatikisa kichwa. Alikuwa mtu wa Pangani, na kwao nyuma ya nyumba kulikuwa na banda la mbao lililotambaliwa na asumini, lenye kiti kirefu cha kuegemea, ambapo mama yake alikuwa akishinda mchana kutwa. Alilitaja banda lile mara nyingi hata nikawa nalijua bila kuliona. "Nijengee kama lile pale uani," alisema. "Niegemee nje, nione mbingu, nivute hewa iliyopita kwenye majani. Hata siku moja tu, itanitosha."

Baba alikuwa mtu wa kusema kesho kwa kila jambo, isipokuwa kwa Mama. Jioni ileile alimwita Fundi Elia.

Fundi Elia alikuwa Mchaga wa Machame, karakana yake nyumba ya tatu kutoka kwetu. Yeye na Baba walikunywa kahawa barazani kila jioni wakibishana mpira, na walibishana hivyo tangu kabla sijazaliwa. Kitu alichokichukia duniani ni msumari. "Msumari ni wa mtu mwenye haraka," alikuwa akisema, "na haraka haraka haina baraka, aisee." Kazi yake aliifanya kizamani. Kila nguzo aliitoboa tundu kwa patasi, kila mbao ya kulala aliichonga ulimi mwishoni, ulimi ukaingia tunduni, kisha akapekecha shimo jembamba katikati ya vyote viwili na kupigilia kigingi cha mpingo. Alimwambia Baba kwamba hewa yetu ya chumvi ingekula misumari kabla asumini haijafika juu, na banda lingemwangukia mwenye kulikalia. Baba akakubali. Nguzo sita za mninga zikaja kwa mkokoteni, fito za kuezekea zikaja kwa mabega ya mpagazi, na Shangazi akapanda mche wa asumini kwenye kopo ili ukue ukingoja.

Ila Fundi Elia alikuwa na kazi nyingine, ambayo hakuitafuta. Mwislamu wa mtaa wetu akifariki, mbao za kiunza, zile zinazomfunika maiti kaburini kabla ya udongo, alizikata yeye. Alikuwa Mkristo, lakini ndiye fundi wa jirani, na hakuna aliyeona ajabu. Utaratibu wake ulikuwa mmoja. Ndugu wa marehemu anaingia chumbani na ufito, anaulaza kando ya mwili toka utosini hadi nyayoni, anafunga uzi pale urefu unapoishia, kisha anautoa nje. Fundi anaupokea mlangoni bila kuingia. Anauliza, "Hapa ndipo?" Anajibiwa ndipo. Anasema, "Tutaongeza shibiri moja," na anaondoka.

Mzee Hemedi alipofariki nilikuwa nimekaa koridoni nakula kashata. Mimi nilikuwa nimeambiwa Mzee Hemedi amelala, nisipige kelele. Wakubwa wa wakati ule walituficha vifo kama walivyotuficha peremende. Nikamwona Baba anaingia na ufito, anautoa, Fundi Elia anasema shibiri moja. Baadaye nikaziona mbao zinapita begani mwa watu, na kabla ya alasiri Mzee Hemedi hayupo, chumba kinafagiwa, kitanda kimeegeshwa ukutani. Nilipomuuliza Shangazi alikokwenda, akasema amekwenda kwa Mungu na hatarudi. Nikayapanga mwenyewe kichwani. Mtu amelala zake, anapimwa kwa ufito, mbao zinakatwa, mtu hayupo.

Sasa nguzo za banda zilikuwa zimeshaanza kuchongwa pale uani, na mimi nilifurahi kuliko wote, maana nilidhani nitacheza chini yake. Mchana mmoja nimetoka shule, nimepita koridoni, nikamkuta Fundi Elia amesimama mlangoni kwa Mama ametazama pembeni kwa heshima. Ndani, Shangazi Raya alikuwa ameulaza ufito kitandani kando ya Mama. Mama ameegemea mito, anatabasamu. Shangazi akafunga uzi mwekundu kwenye ufito, akauleta mlangoni.

"Hapa ndipo?" Fundi akauliza.

"Ndipo."

"Tutaongeza shibiri moja."

Sikusubiri kusikia lingine. Nilikimbilia chooni nikajifungia, nikatapika wali wote wa shuleni. Shangazi akagonga akisema nimekula nini huko barabarani. Nikasema nimekula ubuyu.

Siku mbili baadaye mbao tano ndefu, zimepigwa randa zikalainika, ziliegeshwa kwenye ukuta wa uani. Nilizijua. Nikajikaza nikamwendea fundi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Salha. Umefanya hesabu zako?"

"Mbao hizi za nani?"

"Za mama yako," akasema, anapuliza unga wa mbao kwenye patasi.

"Atapewa lini?"

"Vigingi vikishaingia vyote, zinafuata hizo. Hapo kazi imekwisha." Akanionyesha kopo la maziwa ya unga lililojaa vijiti vyeusi vinene kama kidole gumba. "Unaviona? Kigingi kimoja nusu saa. Mpingo hauchezewi."

Hapo ndipo nilipopata dawa yangu. Mbao zilikuwa nzito, nisingeziweza. Vigingi niliviweza. Kama vigingi haviishi kuingia, mbao haziendi kwa Mama, na kama haziendi, Mama haendi popote, yupo kitandani pake. Nawaambieni ukweli, sikuona ni wizi. Niliona nimepewa kazi na nimeielewa.

Nilianza na vitatu. Fundi alipokwenda kunywa chai, nilivitia kwenye mfuko wa sare ya shule, nikatoka nje, nikavitumbukiza kwenye mtaro. Mpingo hauelei. Vilizama moja kwa moja kwenye maji meusi, na mikokoteni ikapita juu ya daraja la mbao kama kawaida. Kesho yake vinne. Fundi alihesabu, akakuna kichwa, akahesabu tena, akakaa chini akaanza kuchonga vingine. Nguzo zikawa zimesimama zimefungwa kamba, zinayumba ukizigusa. Niliporudi kutoka shule nilizitazama kwanza kamba. Zikiwepo, nilikula vizuri.

"Banda limefika wapi, Salha?" Mama aliniuliza kila jioni, maana alikuwa hawezi tena kutembea hadi mlango wa uani.

"Bado, Mama."

"Bado tu?"

"Bado sana."

Alicheka, na kucheka kukamletea kikohozi. "Mbona unasema kama unafurahi? Hutaki nikae nje na wewe?" Nikalala mapajani pake. Akanipapasa kichwa, akasema, "Niombee liishe, mwanangu. Dari hili nimelihesabu boriti zake mpaka nimechoka." Sikumwombea. Niliomba kinyume, na niliomba kwa moyo wote.

Wiki mbili zilikwenda hivyo. Fundi Elia akawa haachi kopo lake bila kufunika, nami nikajua kufunua. Siku moja, nikiwa nimechuchumaa karoni naosha vikombe, alisema kwa sauti bila kunitazama, "Nyumba hii ina panya anayekula mpingo." Shangazi akadakia kwamba hata panya siku zake ni arobaini. Nikaendelea kuosha kikombe kimoja kilekile. Nilipoinua macho, fundi alikuwa ananitazama, lakini hakuonekana mwenye hasira. Nadhani alidhani nachezea tu, kama watoto wanavyochezea vitu. Alikuwa mpole, hilo ndilo lilikuwa kosa lake.

Ijumaa Baba aliishiwa subira. Alirudi kutoka dukani mapema kwa ajili ya sala, akasimama uani na kanzu yake. "Elia, weka misumari, bwana. Mke wangu anangoja."

"Ndugu yangu, nimeshamaliza kuchonga. Vyote hivi hapa." Akalitikisa kopo. "Kesho asubuhi nagonga vigingi, nafunga kiti, saa nne mkeo anakaa nje. Nimekuahidi."

Neno kiti nililisikia. Halikunifikia. Nilichokisikia ni kesho.

Baba akaenda msikitini, fundi akaenda kula, Shangazi alikuwa anamwogesha Mama. Nilichukua kopo zima. Nililificha ndani ya kanga ya Shangazi, nikatoka, nikalimwaga lote mtaroni na kopo lenyewe nikalitupa juu ya rundo la maganda ya machungwa mwisho wa mtaa. Nilirudi nikirukaruka. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena, furaha ya mtu aliyeokoa nyumba nzima peke yake.

Jumamosi Mama aliamka uso umechangamka. Shangazi alimvalisha dera jipya la kijani, akamtia wanja na hereni, akamfunga mtandio. Alikaa ukingoni mwa kitanda miguu imegusa sakafu, kitu ambacho hakukifanya kwa siku nyingi, anangoja aitwe. Kutoka uani zilisikika sauti za Baba na Fundi, kisha kimya, kisha sauti ya kisu kikichonga mpingo. Fundi alichonga toka asubuhi hadi jua linazama. Hakula. Saa nne ikapita, adhuhuri ikapita. Kila mlango ukilia Mama aliinua kichwa.

Magharibi akamwambia Shangazi, "Basi kesho, inshallah. Nivue hizi hereni, zimeniuma." Nilikuwa nimesimama pale. Nilimsaidia kuvua ya kushoto.

Alifariki Jumapili asubuhi, Shangazi anamlisha uji.

Mazishi yalipangwa adhuhuri. Maduka ya mbao yamefungwa, Fundi Elia yuko kanisani. Walimfuata huko, akaja na koti lake jeusi na tai. Mjomba mmoja akatoka chumbani akiuliza ufito uko wapi. Fundi alikuwa amesimama katikati ya ua, kati ya nguzo zilizofungwa kamba, anazitazama mbao tano pale ukutani. "Ufito wa nini," akasema polepole. "Alishapimwa. Mbao zipo."

Zilichukuliwa zile. Zilipita koridoni mabegani, mbele ya macho yangu, zinanukia mninga. Mimi nilikuwa nimebanwa katikati ya wanawake wanaolia, na nakumbuka nilishangaa zaidi ya kulia. Nilikuwa nimeshinda. Vigingi havikuingia hata kimoja. Sasa mbao zinakwendaje?

Nilijibiwa siku ile ile. Mzee mmoja aliyekuja kutoa pole alimsifu Baba kwamba mbao zilikuwa nzuri mno, mninga mtupu. Baba akamwambia, "Hazikuwa za kiunza. Zilikuwa za kiti chake cha kuegemea. Jana saa nne angekuwa amekalia." Nilikuwa nimejibanza nyuma ya mlango na sinia la kahawa. Nikalishusha chini taratibu, nikaingia uvunguni mwa kitanda cha Mama, nikakaa huko mpaka waliponitafuta. Mkononi nilikuwa na kigingi kimoja. Kilisalia kwenye kona ya mfuko wa sare bila mimi kujua.

Siku ya tatu Fundi Elia alikuja kumalizia banda. Alisema kazi ya marehemu haiachwi njiani. Baba alimzuia mlangoni mbele za watu. Sijamsikia akipaza sauti namna ile kabla wala baada. "Haraka haraka haina baraka," alimwambia. "Umeipata baraka yako? Alivaa, Elia. Alikaa kitandani kutwa amevaa, anakungoja wewe na vijiti vyako."

Mimi nilikuwa nimeshika gauni la Shangazi, na ngumi yangu nyingine imefumba. Fundi alinitazama. Alitazama uso wangu, kisha ngumi yangu, ambamo kichwa cheusi cha kigingi kilikuwa kimechomoza kwa juu. Alielewa, hilo sina shaka nalo. Angesema neno moja tu, kila kitu kingekuwa wazi.

"Nisamehe, ndugu yangu," akamwambia Baba. "Nilichelewa."

Akageuka, akaenda zake. Hawakunywa kahawa pamoja tena. Walikuwa wanapishana mtaa ule ule, nyumba tatu, bila salamu. Mimi nilimwamkia kila siku, naye aliniitikia marahaba kila siku, na hakuniuliza kitu. Baba alimleta fundi mwingine akamaliza banda kwa misumari bila kiti, asumini ikapanda, na kutu ikafanya kile ambacho Fundi Elia alisema itafanya. Lilikaa limeinama miaka yote. Halikuwahi kukaliwa na mtu. Fundi Elia alihamisha karakana, baadaye akarudi Machame, na siku moja tukasikia amefariki na amezikwa kwao kwenye kihamba, shamba la ukoo. Baba aliposikia alisema tu, "Haya," akaendelea kukunja vitambaa.

Mwaka huu zamu ya mito ikamfika Baba. Mmoja, miwili, mpaka minne. Nilikuwa nalala kwake siku tatu kila wiki, na kigingi kilikuwa kwenye mkoba wangu, kama kinavyokuwa siku zote. Alasiri moja alikuwa na nguvu kidogo, akaanza kuwataja watu anaowaachia makosa yao. Aliwasamehe wengi, hata waliomdhulumu kweli. "Ila Elia," akasema. "Elia nimeshindwa."

"Alishafariki zamani, Baba."

"Najua. Hata hivyo nimeshindwa. Yule alininyima siku moja tu, na hiyo ndiyo pekee aliyoiomba mama yako."

Nilitia mkono kwenye mkoba. Nilikigusa, laini na baridi, kimeng'aa kwa miaka ya vidole vyangu. Mtu mzima, mama wa watoto watatu, nilifungua mdomo. Baba aligeuza kichwa akaniangalia kwa macho yake yaliyochoka, akangoja.

"Unataka kusema nini, mwanangu?"

"Nataka nikuwekee mto vizuri," nikasema.

Nikamwekea. Akanishukuru, akafumba macho. Siku nane baadaye tulimzika.